Jicho la Mfuga Njiwa

Mfugaji anayeijua kazi yake hamkamati njiwa kwa pupa. Anapitisha kiganja chini ya kifua, anaibana miguu taratibu katikati ya vidole viwili, kidole gumba kinatua mgongoni, na ndege anatulia. Hapo ndipo anapoanza kumkagua. Mfupa wa kidari uwe umenyooka, na nyama ya pande zake iwe imeshikana. Jicho liwe kavu, jangavu. Bawa likikunjuliwa, yale manyoya 10 marefu ya nje yawe mazima, yasiwe na mstari mwembamba unaoyakata kwa upana. Mstari huo huonyesha kwamba unyoya ulipokuwa unaota, ndege alilala njaa au aliugua. Mnunuzi mgeni huvutwa na rangi, naye mfugaji mzoefu humaliza bawa lote kabla hajaitazama.

Kujua dume na jike ni kazi nyingine kabisa, maana njiwa hawana upanga wala vilemba vya jogoo vya kuwatofautisha. Dume hutunisha shingo, akazunguka huku analia kwa sauti nzito na kuburura mkia chini, lakini jike mkali naye huweza kufanya vivyo hivyo. Majike wawili wakifungiwa pamoja huoana, hujenga kiota na kuatamia kwa bidii zote, na mfugaji hukuta mayai manne mahali pa mawili, yote hayana mbegu. Wajuzi wa rangi wana njia yao ya kuukwepa mtego huo. Humchukua dume wa rangi ya samawati na kijivu, ile ya njiwa wengi wa mjini, wakampa jike wa rangi ya jivu lenye wekundu. Watoto wa kiume hufuata rangi ya mama, wa kike hufuata ya baba, na kinda hujulikana jinsia yake mara tu manyoya yanapochipua.

Wenza waliochaguliwa huwekwa kwenye kizimba chenye wavu katikati, waonane siku kadhaa bila kugusana. Wavu ukiondolewa, wakapatana, mfugaji huwa amekwisha kuamua karibu kila kitu awezacho kuamua. Hili ndilo ninalolistahi zaidi katika ufugaji huu. Mwenye kuku akikosa mama ana mashine ya kutotolesha, na kifaranga hudonoa chakula siku ile ile. Kinda wa njiwa hutoka yaini akiwa kipofu, karibu uchi, na hana anachoweza kula hapa duniani ila kile kitokacho shingoni mwa wazazi wake.

Kitu hicho huitwa maziwa ya njiwa. Jike hutaga yai la kwanza, la pili likafuata baada ya siku mbili hivi, na kuatamia huchukua kama siku 18. Dume hushika zamu kuanzia asubuhi jua likishapanda hadi alasiri, jike saa zilizobaki na usiku kucha. Siku za mwisho, ule mfuko wa shingoni unaohifadhi nafaka kabla hazijashuka kwenye firigisi hunenepa ngozi yake ya ndani, kisha ngozi hiyo huanza kumeguka vipande laini vyeupe vilivyojaa mafuta na protini. Hutoka kwa mama na kwa baba pia. Homoni inayoleta hali hiyo ni ile ile inayomwezesha mama wa kibinadamu kunyonyesha. Mwanasayansi wa Marekani Oscar Riddle na wenzake waliipa jina la prolaktini mwaka 1933, na waliipima kwa kuangalia mfuko huo wa njiwa unavyonenepa.

Kwa hiyo mfugaji humlisha kinda kwa kumlisha mzazi. Njiwa mmoja wa kawaida hutosheka na kama gramu 30 za nafaka kwa siku: mtama, ngano, mahindi yaliyovunjwa. Makinda wakishaanguliwa, choroko na kunde huongezwa, kwa kuwa miili yao hukua kwa kasi ya ajabu, na wiki ya nne ikifika wako tayari kuacha kiota. Nafaka yenye ukungu haiingii bandani hata kama ni ya bure. Changarawe ziwepo daima, kwani firigisi ndiyo meno ya ndege, pamoja na chumvi kidogo na maganda ya chaza yaliyopondwa, ambayo mkazi wa pwani huyaokota tu ufukweni. Chombo cha maji kiwe na kina, kwa sababu njiwa huzamisha mdomo na kunywa kwa kufyonza, hainui kichwa kama kuku. Na wavu wa banda ufungwe vizuri. Kunguru wa Kihindi, walioletwa Unguja miaka ya 1890 na sasa wametapakaa pwani nzima, hawaachi yai wala kinda.

Kuhusu aina za njiwa, mwanasayansi wa Uingereza Charles Darwin alianza kuwafuga mwaka 1855, akajiunga na vyama viwili vya wafugaji wa London, na akaanza kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi kwa kueleza kazi ya wafugaji. Alikuwa nao wa mkia wa tausi, wenye manyoya ya mkia 30 au hata 40 wakati njiwa wa kawaida ana 12 au 14. Walikuwepo wanaojaza kifua hewa, na wale wanaopinduka chali angani. Aliwachanganya weupe na weusi, na katika wajukuu akatoka mmoja wa samawati mwenye mistari miwili myeusi bawani, sawasawa na njiwa wa mwituni wa majabalini. Babu yao wote alikuwa bado yumo damuni.

Lakini Darwin aliandika pia kwamba njiwa wa kupinduka wa mdomo mfupi walikuwa wamefupishwa mdomo kiasi kwamba makinda wengi walifia yaini kwa kushindwa kulipasua, na wafugaji wakalazimika kuwasaidia. Hata leo wapo njiwa wa maonyesho ambao mdomo wao hauwezi kulisha, na mayai yao huatamiwa na jozi za kuazima. Mimi siwezi kuusifu uzuri wa namna hiyo. Ndege asiyeweza kumlea mwanawe amechaguliwa vibaya, hata akipewa kikombe.

Anayeanza leo achague jozi zinazolea zenyewe, na anunue makinda walioacha kiota hivi karibuni. Wafungiwe wiki kadhaa mahali wanapoliona anga la nyumba yao mpya, kisha wafunguliwe jioni, wakiwa na njaa, huku mwenyewe akitikisa kopo la mtama walilolizoea. Njiwa mzima wa mbio akifunguliwa atarudi kwa mwenye banda la zamani, hata kama ni mji wa pili. Huyo hufugwa ndani awe mzazi, na wanaoruka ni watoto wake.