Neno "Wastani" Katika Matangazo ya Bei ya Korosho

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika zao la korosho mwaka 2007, mkulima wa Mtwara amelazimika kuwa msomaji wa takwimu. Mnada ukiisha hutangazwa bei ya juu, bei ya chini, na pengine "wastani". Maneno hayo matatu yamekwisha kuingia katika mazungumzo ya vibarazani hapa Chuno, lakini la tatu linaeleweka visivyo, na lawama kwa sehemu kubwa ni yetu sisi tunaoshughulika na istilahi.

Katika usemi wa kila siku, wastani ni hali ya katikati. Mtu wa kimo cha wastani si mrefu wala si mfupi. Si ajabu basi kwamba jirani yangu mmoja, mzee mwenye mikorosho yake, alipoambiwa bei ya juu na ya chini, alizijumlisha, akagawa kwa mbili, akaanza kupanga ada ya mjukuu. Malipo yalipokuja pungufu alinijia akisema, "Mwanangu, nimeibiwa." Inawezekana hakuibiwa.

Tuchukue mfano. Tuseme chama cha msingi kimeuza tani 100 na kitawalipa wanachama kwa wastani wa mauzo. Tani 10 zimeuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo, na 90 zilizobaki kwa shilingi 2,400. Katikati ya bei hizo ni shilingi 2,700. Lakini fedha zote zilizopatikana, zikigawanywa kwa kilo zote, ni shilingi 2,460 tu. Kwa mwenye kilo 500, tofauti ni shilingi 120,000. Mzee hakukosea hesabu. Alikosea maana ya neno, na mwandishi wa tangazo hakumsaidia.

Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kwamba itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tangazo lilieleweka upesi, kwa kuwa lilitaja namba moja. Shida huanza pale namba moja inaposimama badala ya nyingi.

Wapo watakaosema tuunde istilahi mpya, kama "wastani wa uzito". Siafiki. Ghalani, maneno hayo yatachukuliwa kuwa ni uzito wa wastani wa gunia, na tutakuwa tumeongeza giza. Naona bora kuandika "mapato kwa kila kilo iliyouzwa". Ni maneno marefu, nakubali, na mtaalamu wa takwimu atayaona ya kienyeji. Lakini yanabeba ndani yake njia ya kukokotoa. Pamoja nayo zitajwe tani zilizouzwa kwa kila bei, la sivyo msomaji hana cha kuhakikishia.

Kasoro nyingine ni ya neno "mara". "Bei imepanda mara mbili" yaweza kumaanisha kwamba ilipanda katika minada miwili, au kwamba sasa ni maradufu. Neno "maradufu" tunalo tangu zamani. Sielewi kwa nini wafasiri wa taarifa za biashara wanalikwepa. Na asilimia nazo: tozo ikitoka asilimia 4 kwenda 6, mmoja ataandika imeongezeka kwa asilimia 2, mwingine kwa asilimia 50, na wote wawili watakuwa na hoja. Hapo dawa ni kutaja kiwango cha zamani na kipya, basi.

Nilimwandikia mzee yule hesabu ya mfano wangu nyuma ya bahasha. Aliifuata hatua kwa hatua, kisha akauliza kama makato ya chama na ya ghala hutolewa kabla ya kugawa au baada yake. Tulilirudia tangazo pamoja, mstari kwa mstari. Halikusema.