Jack Cardiff: Jicho la Kamera na Sauti ya Mwongozaji

Mwaka 1951 Mwingereza Jack Cardiff alifika na kamera yake mpaka mto Ruiki, huko Kongo, na baadaye Uganda, kupiga picha za The African Queen chini ya uongozi wa John Huston. Miaka kumi na saba baadaye ilitoka filamu ya Kongo aliyoiongoza yeye mwenyewe. Twataka kupima kilichobadilika.

Cardiff, aliyezaliwa mwaka 1914 na wazazi waliokuwa wasanii wa jukwaani, alikuwa fundi wa rangi. Katika Black Narcissus (1947) milima ya Himalaya ilitengenezwa kwa mandhari za kuchorwa katika studio ya Pinewood, Uingereza. Hata hivyo mwanga wake ulisadikisha, akapata tuzo ya Oscar. Mtawa Ruth anapopaka midomo yake rangi nyekundu, wekundu ule ndio usemi wake. Maneno yangeuharibu.

Kati ya filamu alizoongoza, iliyo bora ni Sons and Lovers (1960), iliyotokana na riwaya ya D. H. Lawrence. Hapo fundi wa rangi alikubali nyeusi na nyeupe, na kamera akamwachia Freddie Francis. Francis alipata Oscar. Cardiff aliishia kuteuliwa. Sisi twaona kwamba kujua pa kunyamaza nako ni uongozaji.

Ndipo ikaja Dark of the Sun (1968): askari wa kukodiwa wanasafiri kwa treni katika machafuko ya Kongo, waokoe Wazungu na kuchukua almasi. Ilipigwa Jamaika. Hilo si kosa kwetu, kwani hata Himalaya ile haikuwa Himalaya. Kosa limo katika wahusika. Waasi ni kundi lisilo na hoja, kazi yao kulewa na kuua. Ruffo, Mkongo aliyeigizwa na Mmarekani Jim Brown, amepewa utu na akili. Lakini anauawa, na kifo chake chageuzwa kuwa uchungu wa rafiki yake Mzungu.

Tusidanganyane: katika The African Queen pia Waafrika wanaimba kanisani mwanzoni, kijiji kinachomwa moto, na karibu wote wanatoweka. Ila pale Cardiff alikuwa mwenye kamera tu, na kamera ile iliupa mto heshima yake. Alipokabidhiwa usimulizi, hakuwapa watu hata heshima aliyoupa mto.

Baadaye alirudi kwenye kamera, akapiga Death on the Nile (1978). Mwaka 2001 alipewa Oscar ya heshima, na akafariki mwaka 2009.

Tulipoijadili Dark of the Sun darasani, mwanafunzi mmoja alitukumbusha kwamba Simba, jina la waasi wale walioiteka Stanleyville mwaka 1964, ni neno letu la Kiswahili. Kisha akauliza: walikuwa wanadai nini? Tuliitafuta ile filamu tangu mwanzo hadi mwisho, hatukupata jibu.