Neno "Bure" na Masomo Huria ya Mtandaoni: Mtazamo wa Othaya

Neno "bure" lina maana mbili zinazokaa pamoja: kisicho na malipo, na kisicho na faida. Utata huu wafaa kukumbukwa kila yanaposifiwa masomo huria ya mtandaoni, ambayo sifa yake ilienea baada ya mwaka 2011, darasa la Chuo Kikuu cha Stanford juu ya akili bandia lilipoandikisha watu wapatao 160,000.

Othaya, mji wa wakulima wa chai na kahawa katika Nyeri, una historia yake na elimu ya bure. Mwai Kibaki, mbunge wake tangu 1974 hadi 2013, ndiye Rais aliyeondoa karo ya shule za msingi Januari 2003. Wanafunzi nchini Kenya wakaongezeka mwaka huo kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Madarasa yalifurika na walimu wakalemewa. Hata hivyo mwalimu alikuwapo: alimwona mtoto aliyeduwaa, akaweza kumfafanulia kwa Kikuyu pale Kiingereza kilipomshinda. Hilo ndilo wayasifuo masomo ya mtandaoni wasiloligusa.

Kijana wa Chinga au Iriaini aliyehitimu sekondari anacho Kiingereza cha mtihani. Je, chamtosha kumfuata mhadhiri asemaye upesi, atoaye mifano ya mitaa ya Marekani, na asiyeweza kuulizwa? Tafsiri peke yake haitibu. Mfasiri atumiaye "uwezekano" kwa jambo liwezalo kutokea, na papo hapo kwa kipimo cha hesabu cha kutokea kwake, amemwachia mwanafunzi wa takwimu fumbo badala ya somo. (Na bando la intaneti linakwisha huku fumbo likifumbuliwa.)

Katika masomo ya namna hii ya Harvard na MIT, mwaka 2017–18, waliomaliza walikuwa kama 3 katika kila 100 walioandikishwa. Watetezi husema wengi hujiandikisha ili waonje tu. Hoja hiyo ina uzito, kwani achukuaye mihadhara miwili na kupata alichokitaka hakushindwa. Lakini mwajiri wa Nyeri huuliza cheti. edX, asasi iliyoundwa na vyuo hivyo viwili mwaka 2012, iliacha kutoa vyeti vya bure mwishoni mwa 2015, na mwaka 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800.

Tanzania ilipounda chuo chake kwa sheria ya 1992 ilikiita Huria, haikukiita cha bure. Ada hulipwa, lakini mikoani kuna vituo ambako wanafunzi hukutana na wakufunzi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hakiko mbali na Othaya. Chumba kimoja sokoni, mkufunzi wa kila Jumamosi azungumzaye Kikuyu na Kiswahili, na orodha ya istilahi iliyokwisha kujaribiwa kwa wanafunzi wenyewe: kazi hii ya mwisho ni ya idara za lugha, nayo haijangoja Stanford.