Kibindo cha Kadutu

Mama yangu alijifunga kikwembe akiwa ameuelekea ukuta. Mwili wake haukuwa siri kwetu. Tulikuwa watoto na tulilala naye chumba kimoja. Alichotuficha ni mpangilio. Tulisikia sauti tu: kitambaa kikinyooshwa, pumzi ikivutwa, kimya kidogo, kisha kofi moja jepesi juu ya nyonga. Akigeuka, alikuwa mama kama mama wengine wa Bukavu, hapa Congo, anayekwenda soko la Kadutu kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Mtaji wake wote, hadi franga ya mwisho, ulikuwa mwilini mwake, mahali ambapo mimi mwanawe sikupajua mpaka nilipooa.

Nataka kulisoma fundo lile jinsi msomaji makini anavyousoma ubeti: neno limewekwa wapi, kwa nini pale na si pengine, na kipi kimenyamaziwa ili kingine kisikike. Nimekutana na maandishi mengi kuhusu rangi za vitenge na majina ya michoro yake. Kuhusu kilicho chini ya rangi nimekutana na machache mno, ilhali ndiko ufundi ulikolala.

Tuanze na maneno. Kiswahili kina ala, nyumba ya kisu, ya upanga, na siku hizi ya bastola. Ala hutengenezwa kwa ajili ya mgeni mmoja tu. Ala ya jambia haipokei panga. Kisha kuna kibindo, mkunjo wa nguo kiunoni, ambao hauna umbo mpaka utiwe kitu. Magazeti ya michezo ya Dar es Salaam bado yanaandika kwamba timu imeweka kibindoni pointi tatu, ingawa mchezaji amevaa bukta na mwandishi suruali. Neno limebaki hai baada ya nguo yenyewe kuondoka kwenye viuno vya wanaume wengi. Kwa mama zetu haijaondoka. Na kati ya ala na kibindo kuna kitenzi ninachokipenda kuliko vyote: kufutika. Ukifunga, fundo ndilo linaloshika. Ukichomeka, ufinyu wa mahali ndio unaoshika. Ukifutika, umekipa kitu makao kati ya ngozi na nguo, na mwili wako ndio unaokishika. Mwili ukichoka, ukikonda, ukicheka sana, mshiko unabadilika. Anayefutika analazimika kujijua.

Nchini Marekani, ambako watu wengi hutembea na bastola chini ya shati, wapo mafundi ambao maisha yao yote ni kutengeneza ala za kufutika. Hapa Congo raia hafiki huko kirahisi. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inamdai kibali, na bunduki tunazoziona Bukavu zimebebwa waziwazi na wenye sare, au na wenye nguvu ya siku hiyo. Tuliziona mji ulipotekwa mwaka 2004, tukaziona tena ulipotekwa Februari 2025. Sina hamu ya kuisifu bastola katika mji huu. Lakini wale mafundi wanajiuliza swali lilelile alilojiuliza mama yangu mbele ya ukuta: kitu kisichotakiwa kuonekana wala kupotea, kitakaa wapi mwilini kuanzia alfajiri hadi usiku? Majibu yao yananisaidia kuyasoma ya mama.

Wanasema, kwa mfano, kwamba ala bila mshipi mgumu si kitu. Bastola ya kawaida iliyojaa risasi hukaribia kilo moja. Mshipi laini huinama, uzito unainingʼiniza ala nje, na umbo la bastola linajichora kwenye shati. Wanasema mdomo wa ala uimarishwe ubaki wazi hata ikiwa tupu, kwa sababu ala ya ngozi laini hujifumba mara bastola inapotoka, na kuirudisha ndani kunahitaji mikono miwili. Wanasema kifyatulio kifunikwe chote, tena kwa kitu kigumu. Wanaonya dhidi ya kubeba katikati ya mgongo wa chini, maana ukianguka chali, chuma kinakutana na uti wa mgongo. Na wanashauri shati lenye michoro badala ya lenye rangi moja, kwa kuwa michoro huvunja umbo la kilicho chini yake.

Hilo la mwisho lilinifanya nisimame. Maua makubwa ya kikwembe, ndege wake, mizunguko yake, yote yale tunayoyasoma kama urembo na majivuno, yanafanya kazi ya pili ambayo hayaitangazi. Bonge la noti lenye ukubwa wa kiganja, chini ya kitambaa cheupe, ni bonge. Chini ya jani la rangi tatu ni sehemu ya jani. Fundi wa mchoro kule kiwandani sidhani alilikusudia hilo. Mvaaji ndiye aliyeligundua, na ugunduzi wake una haki ya kuhesabiwa ndani ya umbo la nguo.

Sasa fundo lenyewe. Mama wa Bukavu aliyevaa sawasawa ana vikwembe viwili: cha kwanza kinazunguka kiuno na kushuka hadi kifundo cha mguu, cha pili kinafungwa juu yake. Siasa ya uhalisi ya Mobutu, miaka ya 1970, iliwanyima wanawake suruali na kuufanya mtindo huu kuwa vazi la taifa; kwa amri iliyokusudiwa kuwapanga, ikawapa nafasi kati ya vitambaa viwili. Ndani ya nafasi hiyo kuna madaraja. Kwenye pindo la kikwembe cha juu kuna franga chache zilizofungwa kwa kijifundo kinachoonekana, za chenji, za motari wa pikipiki, za kumtuliza anayeomba. Huo ndio uso. Ndani zaidi, upande wa kushoto au wa kulia kufuatana na mkono wa mwenyewe, mbele kidogo ya mfupa wa nyonga, kuna mkunjo wa kikwembe cha kwanza uliogeuzwa mara mbili kuelekea tumboni. Huko ndiko mtaji unakokaa. Wengine huongeza mfuko uliotiwa zipu kwenye sketi ya ndani na fundi wa kushona.

Kwa nini mbele ya nyonga? Nilipouliza swali hili kwa mama mmoja abebaye mizigo kutoka ziwani, alinijibu kwa mshangao: “Mwanangu, mgongo ni wa gunia.” Bukavu ni mji wa vilima, mama hawa hupanda wakiwa wameinama, kamba imepita kwenye paji la uso, mzigo umeshuka hadi kiunoni. Mgongo umechukuliwa. Tumbo katikati linakunjwa kila hatua ya mlima, na chochote kilichowekwa pale kitabana, kitapanda, kitachungulia. Ubavu unasuguana na mkono. Linabaki lile bonde dogo kati ya mfupa wa nyonga na tumbo, ambalo halikunjwi sana mtu anapoinama wala anapopanda pikipiki. Mafundi wa ala za bastola nao wameizunguka sehemu hiyohiyo wakibishana kwa miaka, mbele kidogo, nyuma kidogo, imelala, imesimama. Mama yule aliipata kwa kupanda mlima.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoichukulia starehe ya kubeba kama anasa, jambo la mtu anayejali raha yake. Nasema starehe ndiyo siri yenyewe. Kitu kisichokaa vizuri hakifichiki, kwa sababu mkono utakifuata. Nguo inaweza kuwa nene, michoro mikubwa, fundo imara. Kama noti inachoma ubavu, baada ya hatua ishirini mkono utakwenda kuirekebisha, na mwizi hasomi nguo, anasoma mikono. Nilijifunza hilo sokoni, kijana wa miaka kumi na tisa, nikiwa na karo ya muhula katika mfuko wa mbele wa suruali. Mfuko ulikuwa wa kina kifupi. Niligusa pale kwenye mlango wa soko, nikagusa kwenye vitunguu, nikagusa nilipokanyagwa. Nilipogusa mara ya nne hapakuwa na kitu. Sikuwa nimeonyesha noti hata moja. Nilikuwa nimeonyesha mkono wangu mara tatu. Nilimwambia mama, nikitarajia anilaumu kwa uzembe. Akaniuliza tu, “Ulikuwa unaisikia ikitembea?” Nikasema ndiyo. “Basi haikuwa na mahali.”

Kutokuwa na mahali: sijaona kipimo cha umbo kilicho bora zaidi ya hicho. Ala njema ya kisu ikitikiswa, kisu hakigongi. Ubeti mzuri ukisomwa kwa sauti, hakuna mzani unaoyumba. Lile kofi jepesi la mama juu ya nyonga lilikuwa ni usomaji wa mwisho wa mswada: anagonga mara moja, anasikiliza, hakuna kinachotembea. Baada ya hapo mkono hauendi tena huko mpaka jioni.

Umbo hili lina udhaifu, na sitaupitia juujuu. Mdomo wake hufumba. Ukishachomoa noti katikati ya soko, mkunjo umefunguka na huwezi kuurudisha bila mikono miwili, bila kugeuka, bila ule ukuta wa nyumbani. Ndiyo maana daraja la nje si hadaa tu. Ni sharti la umbo. Mtaji hauguswi mchana kwa sababu kuugusa ni kuuvunjia nyumba. Kwa muuza sambaza kuna sababu nyingine: mikono yake ina maji na magamba tangu asubuhi. Pia kikwembe kipya, ambacho bado kina ugumu wa dukani, huteleza, fundo linajifungua polepole kama mtu anayepumua. Kinahitaji kufuliwa mara kadhaa ndipo nyuzi zishikane. Siku ya sikukuu, mama akiwa amependeza kuliko siku zote, ndiyo siku kibindo chake ni dhaifu kuliko siku zote. Wengi wanajua, na hiyo ndiyo siku wanayovaa cha zamani chini ya kipya.

Lakini udhaifu mkubwa unatoka kwenye noti yenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi. Noti inaoza. Katika Congo dola yenye mpasuko wa ukubwa wa ukucha hukataliwa na mbadilishaji, na kibindo ni mahali pa jasho, joto na mikunjo. Franga huvumilia, dola hazisamehe. Basi umbo linapaswa kufanya mambo mawili yanayogombana: kubana ili kitu kisitembee, na kulegea ili kitu kisikunjike. Ala ya bastola inapigana na kutu kwa namna hiyohiyo, ngozi ikinywa jasho la mvaaji na kulipeleka kwenye chuma. Wengi waliijibu hoja hii kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Kisha Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2008, ikapiga marufuku mifuko hiyo, na mama wanaovuka Ruzizi kwenda Kamembe wakajua kwamba plastiki huweza kuwaponza. Badala yake nimeona kitambaa cha pamba kikavu kilichokunjwa kama bahasha, noti zikilala bapa ndani yake, mkunjo mmoja tu, upande laini ukielekea ngozi. Kuna uangalifu katika bahasha ile ambao ningeutaka katika kila ukurasa ninaouandika.

Kinyume kamili cha kibindo ni ala ya jambia la Oman, lile lililo kwenye bendera ya nchi hiyo. Watu wa pwani walioleta Kiswahili hadi Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19, akina Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, waliujua mtindo huo. Ala ile inapinda kwa pembe kali kuliko ubapa wa kisu kilicho ndani. Sehemu yake ya chini ni tupu, imevikwa fedha na heshima. Inakaa katikati ya tumbo, mahali palepale ambapo mama mbeba mizigo hawezi kuweka kitu, kwa sababu mwenye jambia hakusudii kuinama. Inasema zaidi ya inachobeba. Kibindo kinabeba zaidi ya kinachosema. Naiheshimu ala ile kama kazi ya mikono, ila moyo wangu uko upande wa pili.

Februari 2025, mji ulipobadilisha mikono, benki za Bukavu zilifunga milango. Waliokuwa na akiba humo walibaki wakiitazama kwenye karatasi. Simu ilisaidia, kwa aliyekuwa na salio na kwa aliyempata wakala mwenye noti. Wengine walirudi kwenye kiuno. Niliwaona dada zangu, waliosoma, wenye kadi, wakimwomba mama awaonyeshe. Alikuwa amezeeka, hauzi tena. Aliwasimamisha mbele ya ukuta mmoja baada ya mwingine, akawavutia kikwembe, akakunja, akasema vuta pumzi, achia nusu. “Nusu, mwanangu, si yote. Ukifunga na pumzi yote ndani, ukiitoa kitaanguka.” Ndipo nilipoelewa kile kimya kidogo nilichokisikia utotoni: kilikuwa kipimo, nusu ya pumzi, nafasi ambayo fundo linaachiwa ili mtu aweze kula, kupanda, kucheka na kulia nalo.

Jioni ile alipovua kikwembe chake niliona alama juu ya nyonga, ngozi iliyokuwa nyeusi zaidi na laini zaidi, umbo la kiganja. Hakuwa amebeba kitu pale kwa miaka. Aliketi kitandani akizungumza mambo mengine, na mkono wake ukaenda ukatulia juu ya alama hiyo.