Ndani Iliyo Nje: Kusoma Umbo la Kinundu cha Mkunde

Ng'oa mkunde unaoanza kutoa maua, ukung'ute udongo, na mizizini utakuta vinundu vya mviringo vya milimita chache tu. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa hai na kinafanya kazi, ndani kina wekundu wa damu. Vitabu vya shule husema humo wanaishi bakteria waitwao rizobia, wanaogeuza naitrojeni ya hewa iwe chakula cha mmea, na mmea huwalipa sukari, basi, wanasaidiana. Hayo ni maudhui tu. Fani haijaguswa, na hapa fani ndiyo yenye neno zito: bakteria hao wanakaa katikati ya seli ya mmea bila kuwahi kuvuka mpaka wake.

Mzizi hutoa udongoni kemikali za jamii ya flavonoidi. Rizobia wakizipata hujibu kwa molekuli zao, na jibu lisiloendana na mmea huo halisikilizwi. Likiendana, unyweleo wa mzizi hujikunja na kuwafumbata bakteria wachache kwenye mkunjo. Ukuta wa seli hulainika hapo, lakini utando ulio chini yake hautoboki. Unabonyea kuelekea ndani, unarefuka, unakuwa mfereji mwembamba unaopenya seli moja hadi nyingine, huku bakteria wakizaliana humo na kusonga mbele. Kuta za mfereji huo zimejengwa na mmea wenyewe. Aliyemo mferejini amepita seli kadhaa na bado yuko nje.

Mbele yake, ndani zaidi ya mzizi, seli zimekwisha kuanza kugawanyika kuandaa makao kabla mfereji haujafika. Unapofika, rizobia huachiwa waingie, na hapa msomaji hutarajia mpaka uvunjike hatimaye. Hauvunjiki. Seli huwameza kwa kuwafunika kipande cha utando wake, na kila kifurushi kinakuwa chumba kiitwacho simbiosomu. Seli moja hujaa maelfu ya vyumba hivyo. Mkunjo, mfereji, chumba: kitendo ni kilekile cha kukumbatia bila kufungua, kikirudiwa kwa vipimo vinavyozidi kupungua. Mhakiki wa ushairi angekiita takriri, na angekuwa sahihi, kwa kuwa marudio haya si pambo. Kwa sababu ya utando huo, hakuna kinachotoka upande mmoja kwenda wa pili bila kupita mahali ambapo mmea una usemi. Hata ile sukari ya vitabu vya shule haifiki chumbani ikiwa sukari. Huvunjwavunjwa njiani, na kinachovushwa hasa ni malati. Kinachorudi ni amonia.

Wekundu nao ni sehemu ya umbo. Kimeng'enya kinachovunja naitrojeni huharibiwa na oksijeni, ilhali kazi yake hula nishati isiyopungua molekuli 16 za ATP kwa kila molekuli moja ya naitrojeni, na nishati hiyo bakteria huipata kwa kupumua oksijeni. Kinundu kinahitaji kitu kinachokiua. Kimejenga gamba la seli zilizobanana ili hewa ipenye kwa shida, kisha ndani yake kimeweka legihemoglobini, protini inayoishika oksijeni na kuisafirisha bila kuiacha izagae. Mwaka 1939 Hideo Kubo wa Japani ndiye aliyeonyesha kwamba rangi ya vinundu vya soya ni jamaa wa hemoglobini ya damu yetu.

Umbo la nje linastahili kusomwa pia, maana ndilo linalohifadhi wakati. Kinundu cha njegere au cha lusini ni kirefu, ncha yake haiachi kukua, na ukikikata kwa urefu unaona maisha yote kwa mpigo: kwenye ncha seli zinagawanyika, nyuma yake zinapokea bakteria, kisha sehemu nyekundu ya kazi, na shinani uozo wa uzee. Kinundu cha kunde ni cha mviringo, seli zake zina umri unaokaribiana, hivyo kupata simulizi yake lazima ufungue vinundu vya wiki tofauti. Tofauti hiyo inaambatana na nyingine iliyo kali zaidi. Katika lusini, mmea humwagia vyumba peptidi zinazowavimbisha bakteria, DNA yao ikajirudufu mara nyingi, nao wasiweze kuzaliana tena. Katika kunde na soya hawafanyiwi hivyo. Kinundu kikioza, wanaweza kurudi udongoni na kuendeleza ukoo.

Kwangu fani ya kunde na soya ndiyo yenye mvutano mkubwa, kwa kuwa mmea unamlisha mkaazi ambaye kesho anaweza kuondoka. Anayemwita mkaazi huyu mtumwa hajauona mlango huo wa kurudi udongoni, na anayemwita rafiki hajausoma utando. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake walichapisha katika jarida la Nature jaribio la soya: walivizungushia vinundu hewa iliyokaribia kukosa naitrojeni, hivyo rizobia wakashindwa kazi ingawa hawakuwa na kosa. Uzazi wao ulishuka kwa takriban nusu, na vipimo vilidokeza kwamba mmea ulikuwa umebana oksijeni iliyokuwa ikiingia katika vinundu hivyo.