Rangi ya Kudumu kwenye Ngama ya Boti

Ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, hupokea kila kinachovuja: maji ya chumvi, dizeli, oili ya injini, hata damu ya samaki. Kabla ya kuulizia bei ya rangi, sharti ijulikane chombo kimeundwa kwa kitu gani.

Mbao za jahazi huvimba zikilowa, hunywea zikikauka, na maungio yake hucheza. Rangi ngumu haiwezi kufuata mwendo huo. Hupasuka kwenye maungio, maji yakapenya nyuma yake, na unyevu ukakosa pa kutokea. Kuvu wa kuozesha hustawi unyevu wa ubao ukizidi takriban asilimia 20. Ndiyo maana mafundi wa pwani walishikilia sifa, mafuta ya samaki, hasa papa, ambayo huzama ndani ya ubao badala ya kuuwekea ganda. Harufu yake ni kali na kazi hurudiwa mara kwa mara, lakini kwa jahazi uamuzi huo bado ni sahihi.

Boti ya faiba haichezi kiasi hicho, nayo hufaa epoksi ya makopo mawili. Rangi ya mafuta ya kawaida ikikaa majini muda mrefu hulainika, na dizeli huimaliza. Epoksi hugandishwa na mmenyuko wa kemikali za makopo hayo, na ikishakomaa dizeli haiiyeyushi. Adui yake mkubwa ni jua, ambalo ngamani halifiki. Poliurethani hung'aa zaidi na huhimili jua, ila aina nyingi hufanya malengelenge zikizama daima.

Epoksi bora hubanduka upesi ikipakwa juu ya grisi. Kwa hiyo grisi husafishwa kwanza, msasa baadaye. Utaratibu ukigeuzwa, msasa husukumia mafuta ndani ya mikwaruzo. Kipimo ni maji safi: yakitandaa sawasawa, uso ni safi, yakijikusanya matone, kusugua kuendelee. Kisha ngama ikaushwe kabisa, na joto la uso lizidi kiwango cha umande kwa walau nyuzi 3 za Selsiasi. Penye hewa nzito ya pwani, alfajiri si saa ya kupaka.

Mkono wa pili hupakwa wa kwanza ukiwa bado unanata kidogo. Ukichelewa, utando wa nta unaoweza kujitokeza juu ya epoksi huoshwa kwa maji kabla ya kupigwa msasa. Rangi nyeupe au kijivu hafifu ni bora, kwa kuwa tone la oili huonekana mara moja.

Mvuke wa tina inayozimua rangi ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama humo humo ngamani. Feni ipulize hewa safi ndani, moto na sigara vikae mbali, na glavu zisivuliwe, maana epoksi mbichi huweza kuzusha mzio wa ngozi usiopona. Rangi ikiwa kavu kwa kuguswa bado haijakomaa. Epoksi nyingi huhitaji takriban siku 7 kabla ya kuachiwa maji na dizeli.