Kaunta Iliyohesabu Ubomozi Tu
Mwaka 1970 David Klein na Lawrence Raisz, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, walitaka kujua prostaglandini zinaufanya nini mfupa. Hizi ni molekuli za mafuta ambazo seli huzitengeneza kutokana na utando wake yenyewe, ikazitumia kupasha habari seli jirani.

Mbinu yao ilikuwa safi. Panya mwenye mimba alidungwa kalsiamu-45, inayotoa mionzi, na mifupa ya vijusi ikaifyonza kama kalsiamu nyingine yoyote. Kisha mifupa ya vigasha, midogo mno, ikatolewa na kulazwa kwenye majimaji ya lishe. Mingine ikatiwa prostaglandini, mingine ikaachwa hivyo hivyo. Mfupa ukimomonyoka, kalsiamu yenye mionzi huvujia kwenye majimaji, na kaunta inaihesabu. Penye prostaglandini za kundi E, ilivuja zaidi. Basi zikapewa jina baya: wabomoaji.

Ila kaunta ile ilihesabu kinachotoka tu. Mfupa mpya uliojengwa kwa kalsiamu isiyo na mionzi usingeonekana kamwe.

Upande wa pili ulijitokeza wodini. Watoto wachanga wenye kasoro fulani za moyo huwekewa dripu ya prostaglandini E1 ili mshipa unaopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ubaki wazi. Kwa baadhi ya waliokaa na dripu hiyo wiki nyingi, eksirei ilionyesha tabaka jipya la mfupa juu ya ule wa zamani. Mifupa ilikuwa inanenepa!

Siri imo ndani ya seli jenzi, osteoblasti. Prostaglandini E2 hunasa kwenye vipokezi vyake, hasa EP2 na EP4. Hapo seli hiyo huweza kutoa RANKL, protini inayoziamsha seli zinazobomoa mfupa, na pia huweza kukomaa na kujenga. Kipi kitashinda hutegemea kipimo, muda na mazingira. Mwaka 2002 panya waliozaliwa bila COX-2, kimeng'enya kinachozalisha prostaglandini, walionekana wakiunga mifupa iliyovunjika kwa kusuasua.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Kwa binadamu ushahidi bado unavutana, lakini ukivunjika mfupa, muulize daktari kwanza kabla ya kujinunulia vidonge hivyo duka la dawa.